Njombe tunaiga tunachokiona

Ukiiacha barabara kuu ya Mbeya pale Makambako na kushika njia ya Songea, mpaka ufike Njombe mjini utakuwa umepita mashamba ya parachichi usiyoweza kuyahesabu. Mengine ni ya ekari nyingi yenye mabomba ya umwagiliaji. Mengine ni miti kumi na miwili iliyobanwa kati ya jiko na banda la nguruwe. Miaka 20 iliyopita usingeyaona. Huku tulijulikana kwa mahindi, viazi mviringo, chai na miti ya kupandwa: miwati ambayo kampuni ya TANWAT iliianza mwaka 1949, kisha mipaini na milingoti. Leo fundi cherehani ana shamba lake la parachichi aina ya Hass, mwalimu wa shule ya msingi ana lake, na mzee wa kanisa anakuuliza habari za mvua huku akiwaza maua ya miti yake.

Nani aliwashawishi watu wote hawa? Maofisa ugani walifanya kazi yao, na makampuni ya ununuzi yalikuja na ahadi zao. Lakini mkulima mwenyewe ukimuuliza kwa nini alikwenda kununua miche iliyobebeshwa kwa bei ile, mara nyingi atakutajia jirani. Fulani wa ng'ambo ya bonde aliuza, akaezeka nyumba kwa bati jipya. Fulani mwingine alimpeleka binti yake chuo. Parachichi lina sifa ambayo wapanga mipango huisahau: linaonekana toka barabarani. Mpita njia analiona likiwa mche, analiona likichanua, analiona gari la mnunuzi limesimama getini. Hajahudhuria semina yoyote, ila akifika kwake anachimba mashimo.

Kuigana huku kuna hasara zake. Jirani akivuna matunda machanga ili awahi pesa ya ada, na wewe unavuna machanga, na hatimaye mnunuzi wa mbali anapokea mzigo mbovu wenye jina letu sote. Soko la China lilifunguliwa kwa makubaliano ya Novemba 2022 baada ya kazi kubwa, na linaweza kuharibiwa na watu waliofanya tu kama wenzao walivyofanya.

Nimeanza na parachichi kwa sababu linathibitisha kitu tunachokikana kila tunapozungumzia afya na tabia za watu wa mkoa huu. Tunasema Wabena ni wagumu kubadilika, wanaume wa huku hawasikii, vijana wameshindikana. Watu waliogeuza sura ya mashamba yao ndani ya miaka michache si wagumu kubadilika. Walibadilika kwa sababu waliona. Basi hoja yangu ni hii: binadamu hutazama wenzake wanafanya nini ndipo aamue, kwa hiyo jambo linalofanyika kwa siri halipati wafuasi hata liwe jema kiasi gani. Na Njombe yetu imefika mahali ambapo mengi ya kuokoa maisha yanafanywa kwa kujificha, wakati mengi ya kuangamiza yanafanywa kweupe, mchana, na muziki juu.

Nguvu ya macho ya wenzetu imepimwa. Mwanasaikolojia Solomon Asch, aliyefundisha Chuo cha Swarthmore huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi kwa mtoto. Ila chumbani waliwekwa watu waliopangwa kutoa jibu la uongo kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kabla zamu haijamfikia mlengwa. Takriban robo tatu ya waliojaribiwa walikubali uongo angalau mara moja, macho yao yakiuona ukweli. Lakini Asch alipompanga mtu mmoja tu chumbani kusema jibu sahihi, wale wanyonge walipata sauti, na makosa yakapungua sana. Mtu mmoja alitosha. Hakuhitaji hata kuwa mkubwa wala msomi, alihitaji kusikika.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022–2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Hakuna mkoa uliotuzidi. Sababu tumezisikia mara nyingi: barabara kuu na malori ya kwenda Zambia na Kongo, reli ya TAZARA, vibarua wa msimu kwenye chai na mbao, pombe, wanaume wengi wasiotahiriwa. Hizo ni sababu za kweli. Ila hesabu hiyo ina upande mwingine usiosemwa. Mtu mzima mmoja katika kila wanane anaishi na VVU. Ukipanda Coaster iliyojaa asubuhi kutoka Njombe kwenda Makambako, kwa wastani umekaa na watu watatu au wanne wa namna hiyo, na hujui ni nani, kwa sababu wana afya kama yako. Utafiti ule ule ulionyesha kwamba nchini, kati ya watu wazima 100 wanaoishi na VVU, karibu 83 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya 100 wanaojua, karibu 98 walikuwa kwenye dawa. Na kati ya 100 walio kwenye dawa, 94 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hadi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Anaishi, analima, analea.

Huo ni ushindi mkubwa kuliko parachichi. Nani anauona?

Tazama safari ya dawa. Mtu wa Njombe mjini anaamka alfajiri kuchukua dawa zake Makambako, kilomita 60 hivi, ilhali kliniki anaweza kuifikia kwa miguu. Mtu wa Makambako naye amepanda gari kwenda Ilembula au Njombe. Huenda wamepishana njiani, kila mmoja akiyakimbia macho ya mtaa wa mwenzake. Nyumbani kila mmoja ameaga kwa shughuli nyingine: vipuri, mnada, mgonjwa wa ukoo. Akishapewa kopo, kazi ya kwanza ni kulinyamazisha, maana vidonge hulia ndani ya kopo na watu wa Njombe wanaujua mlio huo. Wengine husokota pamba wakaishindilia juu ya vidonge. Wengine humimina kwenye mfuko wa nailoni na kulitupa kopo kabla ya kupanda gari. Dawa inaingia nyumbani chini ya unga au ndani ya buti la mvua. Nauli imekwenda, siku ya palizi imekwenda, na tarehe ijayo ikiangukia msimu wa kupanda viazi, huenda hatakwenda.

Mtu huyo simlaumu. Anajilinda, na ana haki ya siri yake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda. Ninachouliza ni kijana wa miaka 22 anayekaa nyumba ya tatu toka kwake anajifunza nini. Kijana anaona pombe ya komoni inanywewa saa nne asubuhi. Anaona mwanaume mwenye wanawake watatu anavyosifiwa kijiweni. Kuhusu VVU amesikia habari za misiba ya Makete na Ludewa, za mayatima walioachiwa bibi zao miaka ya 1990, basi. Kwamba jirani yake anaishi na VVU na ana afya, hajawahi kujua, japo wanasalimiana "kamwene" kila asubuhi. Kwa hesabu ya anachokiona, kupima ni kutafuta hukumu ya kifo, na wanaume wa kweli hawapimi. Anahesabu vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba nusu ya hesabu amefichwa.

Palipotokea mtu wa kujitokeza, mambo yaligeuka. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya wa Uganda alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, wakati hakuna mtu maarufu nchini mwake aliyekuwa amethubutu. Wapo waliosema anatafuta pesa. Alizunguka mashuleni na makanisani akiwa amedhoofika, akafariki Desemba mwaka huo huo, na Uganda ikaanza kuzungumza. Kwetu, tarehe 14 Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima mbele ya watu Dar es Salaam kuzindua kampeni ya kitaifa ya upimaji. Baadaye tukapata kampeni nyingine za kuwavuta wanaume, kama ile ya "Furaha Yangu" ya 2018, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa ili mtu aweze kujipima mwenyewe. Kujipima ni jambo jema, tena limewafikia wanaume ambao wasingekanyaga kituo. Lakini nalo ni tendo la chumbani. Linamsaidia aliyepima, halimfundishi jirani.

Na si kila macho ya watu yanavuta kuelekea mema. Tohara ya wanaume ilipoanza kutolewa kwa wingi katika Mkoa wa Iringa wa wakati ule, ambao Njombe ilikuwa sehemu yake mpaka 2012, wavulana walikwenda makundi kwa makundi, rafiki akimvuta rafiki, hasa miezi ya baridi. Wanaume wenye wake na watoto walibaki nyumbani. Watafiti walipowauliza, sababu mojawapo iliyojirudia haikuwa maumivu wala imani. Ilikuwa aibu ya kupanga foleni moja na watoto wanaoweza kuwazaa. Zilipotengwa saa na sehemu za watu wazima, nao wakaanza kuja. Hapo hapakuhitajika mahubiri. Palihitajika mtu mzima amwone mtu mzima mwenzake kwenye benchi.

Kulazimisha maonyesho pia hakusaidii. Katika sehemu nyingi nchini mjamzito akienda kliniki na mume anahudumiwa kwanza, na asiye na mume anaambiwa aende na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nia ni njema, wanaume wapime. Matokeo yake wapo wanawake wanaomlipa dereva wa bodaboda akae nao kwenye benchi kama mume. Macho yameridhika, daftari limejaa, na mume halisi yuko kijiweni hajaguswa na lolote. Kinachovuta watu ni mfano wa kweli wa mtu wanayemjua. Igizo haliwezi kuchukua nafasi yake.

Kuna uwanja mwingine ambapo macho ya wenzetu huamua nani aishi, nao ni barabara yenyewe. Makambako ni mji wa njia panda. Kila anayeishi hapa anajua mlio wa lori lililokosea kona na ukimya unaofuata. Halafu watu wanatokea, na kwa dakika moja au mbili hakuna anayejua kundi lile litakuwa nini. Linaweza kuwa la waokoaji. Linaweza kuwa la wabeba madumu. Taifa zima lilijifunza kwa machozi Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakakimbilia petroli. Waliokufa walizidi mia moja. Siamini kwamba kila mmoja wao alikuwa mwizi au mjinga. Wengi walimwona mtu mwenye dumu, wakamwona wa pili, na kwa kuwa hawa wawili hawakuogopa, wa tatu naye akaamini hakuna la kuogopa.

Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané, jijini New York, walimweka mtu chumbani akijaza karatasi, kisha wakaingiza moshi. Akiwa peke yake, watu watatu kati ya wanne walitoka kutoa taarifa. Akikaa na wawili waliopangwa kutojali, ni mmoja tu kati ya kumi aliyenyanyuka. Wengine walikuwa wakikohoa na kupunga moshi usoni huku wakiendelea kuandika. Kwa muda mrefu majaribio ya namna hiyo yalitufanya tuamini kwamba kundi huua huruma. Sikubali kuishia hapo. Watafiti waliochunguza picha za kamera za barabarani katika miji ya Lancaster, Amsterdam na Cape Town, wakiangalia ugomvi 219 wa kweli, walikuta kwamba katika visa tisa kati ya kumi angalau mtu mmoja aliingilia kusaidia, na watu walipokuwa wengi zaidi, uwezekano wa msaada uliongezeka. Tofauti ni kama yupo wa kwanza.

Bukoba tulimwona. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, alijitosa akapambana na mlango. Watu 24 waliokolewa. Nchi ilimshangilia Majaliwa, na alistahili, lakini mimi nawafikiria pia waliomfuata: wale ambao pengine wangebaki kwenye mitumbwi wakitazama, kama wa mbele yao wangetazama tu.

Njia ya kuwa wa kwanza inafundishika. Penye ajali usiseme "jamani, pigeni simu," kwa sababu jamani hana simu. Sema: "Wewe dada mwenye kitenge cha njano, piga 112. Wewe kaka wa bodaboda, wazuie magari pale juu kwenye kona. Mzee, tunaomba koti lako tumfunike huyu." Mtu aliyetajwa hana pa kujificha, na mwenzake anayemwona akikimbia anakimbia naye. Madereva bodaboda wa Makambako wanalijua hili kwa vitendo: mwenzao akigongwa, wanafika kabla ya polisi, na wa kwanza kufika ndiye anayeamua kama wale kumi wanaokuja nyuma watabeba majeruhi au watachoma gari. Ningekuwa na uwezo, mafunzo ya huduma ya kwanza yangeanzia kwenye vijiwe vyao. Na hofu ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ingeshughulikiwa, maana wengi wetu tunaamini kwamba ukimpeleka majeruhi hospitali utageuzwa shahidi au mtuhumiwa kabla ya jua kuzama, na imani hiyo pekee inatosha kumfanya mtu mwema afunge kioo cha gari.

Njombe ilionja hofu ya aina nyingine, na sioni haki ya kuandika habari za kuigana katika mkoa huu nikaipita. Kati ya Desemba 2018 na mwanzo wa 2019 watoto wetu waliuawa kikatili, takriban kumi kwa taarifa za serikali za wakati ule, na mauaji yakahusishwa na imani za kishirikina. Wazazi walianza kuwasindikiza watoto shuleni. Hilo lilikuwa la lazima. Lakini pamoja na ulinzi ule ulikuja upofu: mgeni yeyote akawa mshukiwa, na mtu aliyezoea kumshika mkono mtoto wa jirani avuke barabara akaurudisha mkono mfukoni, akiogopa atakavyoonekana. Tulipaswa kukumbuka Iringa-Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, Oktoba 2016. Watafiti wa udongo kutoka kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, walikwenda kijijini pale kwa kazi. Ukapigwa ukelele kwamba ni wanyonya damu, tangazo likapita kwenye kipaza sauti, na watu wakakusanyika. Watatu waliuawa, wawili watafiti na mmoja dereva wao. Lazima palikuwa na watu katika umati ule ambao moyoni walisita. Kusita kwao hakukuonekana, kwa hiyo hakukumsaidia mtu.

Ndiyo maana nasema na viongozi wa mkoa huu, wa serikali na wa dini. Tuna Dayosisi ya Kusini ya KKKT na Jimbo Katoliki la Njombe, zote makao yake hapa. Kwenye misiba na harusi tunasoma majina ya waliochangia kwa sauti, na kila mtu anachangia. Tunajua kabisa namna ya kulifanya jambo jema lionekane. Basi mchungaji apime mbele ya waumini Jumapili, si Desemba mosi, Siku ya UKIMWI Duniani, peke yake. Wapo watu wanaoishi na VVU ambao wako tayari kusema majina yao. Wapewe kipaza sauti kwenye mkutano wa kijiji, walipwe nauli na posho kama anavyolipwa mtaalamu wa semina, na ulinzi wa sheria uwe karibu nao atakapotokea wa kuwatukana. Watakaotaka kubaki kimya waachwe kimya. Kliniki zitenge saa za wanaume jioni, baada ya kazi, ili mfanyabiashara wa mbao amkute mfanyabiashara wa mbao.

Na wanaume wa Njombe wanaowapeleka wake zao kliniki na kuwalisha watoto wasiishie nyuma ya nyumba. Mkoa huu unaojaza maghala ya nchi kwa mahindi na viazi, utafiti wa afya wa 2022 uliukuta na watoto wenye udumavu asilimia 50.4, nusu ya walio chini ya miaka mitano. Baba anayemkatia mwanawe parachichi kwenye uji anadhani analofanya ni dogo, na rafiki zake hawajui kama analifanya. Awaambie leo jioni, pale pale wanapokaa.